Kabla Hujafuta Neno "Haiuzwi" Ukutani

Hotuba kwa wanachama wa chama cha wastaafu, Kimara, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, wazee wenzangu, akina mama, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti aliponipigia aliniambia wanachama wengi wanataka kuuza nyumba za mjini, wengine wahamie Kibaha na Morogoro, wengine warudi kwao kabisa, Moshi au Songea. Na kila anayetaka kuuza anauliza swali hilo hilo: nimpe dalali, au niuze mwenyewe?

Nianze na kuta za mji wetu. Pita Magomeni, pita Tandika, pita Sinza, utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni akiona anashangaa, kwa sababu nyumba isiyouzwa kwa kawaida haina haja ya kutangaza. Sisi wenyeji tunajua kilichotokea. Kaka mkubwa alitaka kuiuza bila kuwaambia dada zake. Au mpangaji alijifanya mwenye nyumba, akapokea malipo ya awali kwa watu watatu kisha akahama usiku. Au mama mjane aliamka asubuhi akakuta wageni wanapima uwanja kwa hatua. Mwenye nyumba anaandika ukutani kwa sababu hana njia nyingine ya kuzungumza na mnunuzi. Katikati yao wapo watu asiowajua, wanaotaja bei asiyoitaja yeye. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, maana ndilo lililoniumiza.

Nilifanya kazi masjala ya ardhi miaka 29. Nimepokea hati, nimezipanga, nimezitafuta, nimewasomea watu majina ya wazazi wao waliokufa. Kwa hiyo ungedhani mimi ndiye mtu wa mwisho kudhulumiwa kwenye kuuza nyumba. Nilizijua karatasi zote. Soko sikulijua.

Mwaka 2009 tuliuza nyumba ya marehemu baba, Magomeni. Tulikuwa watoto watano, na kaka yetu alikuwa ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, karatasi zote safi. Sote tulikuwa kazini, hakuna mwenye muda wa kukaa kibarazani kusubiri wateja. Tukampa dalali mmoja wa pale mtaani, mtu tuliyemjua tangu utoto. Tulimwambia tunataka milioni 90. Baada ya mwezi akaja: "Wazee wangu, mteja siriasi amepatikana, ila amegoma kwenye 85." Tukakaa, tukashauriana, tukakubali. Tulimwona mnunuzi siku moja tu, kwa wakili, tukatia saini, tukapeana mikono. Dalali tukamlipa asilimia 5 tuliyopatana, yaani milioni 4 na laki 2 na nusu, tukamshukuru, na dada yetu mdogo akamfungia na kitenge cha mkewe.

Miaka miwili baadaye nilikutana na yule mnunuzi msibani, Mburahati. Tumekaa kwenye turubai, tunazungumza mambo ya mtaa, akasema kwa roho safi kabisa: "Ile nyumba ya mzee wenu ilinipa tabu kuimaliza, milioni 97 kwa wakati ule haikuwa mchezo."

Sikumjibu. Nilijifanya naangalia wanaopika.

Akaendelea kusimulia mwenyewe: dalali alimwambia kwamba sisi tunataka 97, lakini kwenye mkataba tuandike 85 "ili kodi isiwe kubwa", na ile milioni 12 ampe yeye mkononi, eti atufikishie. Sisi tukaambiwa 85. Kila upande ukaamini unatendewa wema. Hiyo ndiyo inaitwa cha juu, na wengi humu mnalijua neno hilo. Gawanyeni milioni 12 kwa watoto watano: milioni 2 na laki 4 kila mmoja. Mdogo wangu mmoja mwaka ule alikuwa anauguza mtoto, akauza cherehani zake mbili. Nikikumbuka cherehani zile, hasira yangu inarudi ikiwa mpya.

Sasa angalieni mahali uharibifu ulipoingia. Haukuingia kwenye kamisheni. Asilimia 5 tuliikubali kwa midomo yetu, na mtu aliyefanya kazi alipwe. Uliingia pale ambapo dalali peke yake ndiye aliyejua bei zote mbili: ya muuzaji na ya mnunuzi. Tulimkabidhi kazi ya kutafuta mteja, na bila kujua tukamkabidhi na mdomo wetu.

Kwa uchungu ule, nilipostaafu na kutaka kuuza nyumba yangu ya hapa Kimara, mwaka 2019, niliapa dalali hatakanyaga. Nilichukua kopo la rangi, nikaandika mwenyewe kwenye geti: NYUMBA HII INAUZWA, nikaweka na namba ya simu. Mwanangu akapiga picha, akazituma kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook.

Wiki ya kwanza simu haikulala. Nilikuwa na daftari, naandika kila anayepiga. Ukimwuliza mtu, unanunua wewe? anajibu: "Hapana mama, nina mteja wangu." Karibu wote walikuwa madalali. Wachache waliokuja kama wanunuzi walikuwa wa kila aina. Yupo aliyeingia hadi chumbani, akafungua kabati. Yupo aliyekuja saa moja jioni na vijana watatu, na mimi nipo peke yangu na mjukuu wa miaka 6. Siku ile niliogopa kweli. Yupo mwanamama aliyevaa vizuri, mwenye maneno matamu, akaniomba nimpigie picha hati yote, kurasa zote, pamoja na kitambulisho changu cha taifa, "ili mwanasheria wangu aanze upekuzi."

Hapo masjala ilinisaidia, na naomba mlishike hili vizuri. Upekuzi wa hati, ule wa kujua mwenye nyumba ni nani na kama benki inaidai, hauhitaji hati yako halisi wala picha za kurasa zako zote. Mnunuzi anahitaji namba ya hati, au namba ya kiwanja na kitalu, anapeleka maombi ofisi ya ardhi, analipia, anapewa majibu. Picha safi ya hati na kitambulisho vikiwa mikononi mwa mtu mbaya ni mbegu ya hati bandia. Nimeziona mezani kwangu hati bandia zilizotengenezwa vizuri mpaka mwenyewe anatetemeka akiishika. Nilimpa yule mama namba. Hakurudi tena.

Na kila mteja wa kweli aliyekuja aliuliza swali moja kabla ya kuuliza vyumba vingapi: "Haina X?" Yaani ile alama inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa. Mnakumbuka mwaka 2017, nyumba zilivyobomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia hapa Kimara kupisha upanuzi wa barabara. Watu wameondoka na mabati vichwani. Nyumba yangu iko ndani kabisa, mbali na hifadhi ya barabara, lakini neno langu halikutosha. Mwenye nyumba akisema nyumba yake haina tatizo, nani atamwamini? Kila mwenye nyumba husema hivyo.

Nilikaa miezi 7. Nilikuwa nataka milioni 140. Nilifikaje kwenye 140? Nilijumlisha miaka niliyojenga, mikopo niliyokatwa kwenye mshahara, mwembe alioupanda marehemu mume wangu, nikapata 140. Hakuna mnunuzi anayelipia mwembe wa marehemu, jamani. Ila mtu wa kukuambia hivyo usoni lazima awe mtu asiyekuonea aibu, na watoto wangu walinionea aibu.

Aliyeniambia alikuwa dalali. Kijana wa Mbezi, alikuja siku moja ya mvua, akasimama nje ya geti. "Shikamoo mama." Marahaba. "Mama, nyumba yako naijua, nimeipita mara nyingi. Kwa bei hiyo utazeeka nayo." Nilitaka kumfukuza. Akaomba dakika 10, akatoa simu, akanionyesha nyumba nne zilizouzwa jirani mwaka ule, kila moja ukubwa wa kiwanja chake, kama imepimwa, kama gari linafika mvua ikinyesha. Akasema nyumba yako ni 115, ukipata zaidi umshukuru Mungu. Sikumwamini. Nikaenda kumlipa mthamini aliyesajiliwa, na taarifa yake ikasoma 112. Ile taarifa nisingeikwepa hata hivyo, maana ukihamisha miliki unahitaji taarifa ya uthamini iliyopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na hesabu za kodi zinaitazama hiyo. Kosa langu lilikuwa kuisubiri hadi mwisho. Ningeianza mwezi wa kwanza ningejua bei ya nyumba yangu kabla ya mtu yeyote kunitajia.

Nikamwita yule kijana, nikamwambia: nitafanya kazi na wewe, lakini kwa karatasi. Akacheka, akasema hajawahi kupewa karatasi na mteja. Tukaandika ukurasa mmoja. Niwasomee yaliyokuwemo kwa maneno yangu.

Ni yeye peke yake kwa miezi 3, hakuna dalali mwingine kutoka kwangu. Hili wengi mnalikosea. Mnadhani ukiwapa nyumba madalali 10 utauza haraka. Kinachotokea ni kwamba kila mmoja anaitaja kwa bei yake, mteja anaisikia kwa 115 Mbezi, 125 Ubungo, 130 mtandaoni, anajiuliza hii nyumba ina nini. Kisha dalali wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, na siku ya malipo wanakuja watano, kila mmoja anadai mgao, wanagombana mbele ya mnunuzi.

Bei ya chini nimeitaja mimi, na mnunuzi atakutana na mimi ana kwa ana kabla hajatoa shilingi. Bei itakayoandikwa kwenye mkataba ndiyo atakayolipa, yote, kwenye akaunti yangu. Kamisheni ni asilimia 4 ya bei hiyo, italipwa benki baada ya fedha yote kuingia, na haitozwi kwa mnunuzi tena. Hela ya kuonyesha nyumba hakuna. Hati yangu hataigusa. Na mnunuzi nikimpata mwenyewe, kwa mfano jirani au mpangaji, namlipa fidia ya usumbufu wake, kiasi tulichokiandika, ili asifanye kazi kwa hofu.

Alisaini. Wiki ya 6 akaleta mtu na mkewe, walimu wote wawili. Maswali ya X aliyajibu yeye, kwa ramani aliyoilipia mwenyewe mipango miji. Nilikaa nao sebuleni, tukazungumza bei mbele yake, yeye kimya. Wakaanza na 110. Nikasema 125. Tulipofika 118 mke wake akamwangalia mumewe, nikajua imekwisha. Ile sekunde, kumwona mnunuzi usoni anapotaja namba yake, Magomeni hatukuipata. Kamisheni ikawa milioni 4, laki 7 na elfu 20. Nilimlipa kwa moyo mweupe, na mpaka leo akipita ananisalimia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza dalali au mwenyewe, mimi namwuliza kwanza: mnunuzi unamjua? Mdogo wangu aliuza nyumba yake Morogoro kwa mpangaji aliyekaa humo miaka 8. Dalali wa nini hapo? Wakili, mthamini, ofisi ya ardhi, basi, akabaki na hela yake. Kabla ya kumwita mtu yeyote, zungumza na mpangaji wako, na jirani mliyepakana naye. Jirani anaweza kulipa hata zaidi ya soko, kwa sababu kiwanja chako kinakuza cha kwake. Lakini kama hakuna unayemjua, na unaishi peke yako, au uko mbali, usione aibu kumtafuta dalali. Wageni wanaoingia chumbani kwako jioni ni gharama pia.

Najua kuna watakaosema madalali wote ni wezi. Nakataa. Wenzetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, kazi hii imefanywa na yeyote mwenye simu na miguu ya kutembea. Mtu asiye na leseni ya kupoteza, ukimwachia bei zote mbili mkononi, umemjaribu. Na wengine humu ni watoto wetu, tuliowasomesha wakakosa ajira. Kijana wa Mbezi angeweza kunifanyia yale ya Magomeni. Karatasi ilimzuia, na nadhani ilimlinda hata yeye.

Sasa mambo ambayo hata ukiwa na dalali malaika hayakuepuki.

Mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Haijalishi hati ina jina la nani. Akina baba, naomba mnisikilize hapa. Masjala nimewaona akina mama waliokuja wanalia na watoto mgongoni, nyumba imeuzwa, baba hayupo. Na nimewaona wanunuzi waliolipa hela zao za jasho kisha wakazungushwa mabarazani miaka na miaka kwa sababu saini ya mke haikuwepo. Mnunuzi mwenye akili atakuuliza mkeo yuko wapi. Mlete. Aketi, asome, aandike jina lake.

Mirathi. Kama nyumba ni ya marehemu, hakuna mtoto mwenye haki ya kuiuza kwa kuwa ni mkubwa au kwa kuwa ndiye aliyebaki akiishi humo. Msimamizi anateuliwa na mahakama, na warithi wajue bei. Naongeza neno moja kutokana na yaliyotupata: warithi wote wamwone mnunuzi. Wote. Hata aliyeko Mwanza apigiwe simu siku ile.

Maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitambui mauziano ya mdomo. Mkataba lazima uandikwe. Na uandikwe bei ya kweli. Mtu anayekushauri uandike bei ndogo ili ukwepe kodi, mwulize tofauti hiyo itapita mikononi mwa nani. Sisi hatukuuliza. Halafu siku mkivurugana, mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hela utakayoweza kuidai ni ile iliyoandikwa tu.

Kodi yenyewe haitishi kama watu wanavyoitisha. Kwa mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama zake ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Faida ni bei uliyouzia ukitoa ulichotumia kununua, kujenga na kuboresha. Kwa hiyo zile risiti za saruji, nondo na mabati unazozitupa ni hela. Mimi nilikuwa nazo kwenye bati la biskuti, zimepauka, mwanangu akanicheka. Siku ya kwenda TRA, mamlaka ya mapato, hakucheka. Na nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi. Wangapi humu mlikuwa mnajua hilo? Nendeni TRA kabla ya kutafuta mteja, mkae na afisa, mpate hesabu yenu. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kwa desturi huo hulipwa na mnunuzi, lakini uandikwe kwenye mkataba nani analipa, msije mkatazamana.

Kisha zipo fomu namba 29, 30 na 35: ya taarifa ya uhamisho, ya kuomba kibali, na ya uhamisho wenyewe. Wakili atazijaza. Mkumbusheni tu kwamba kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa hadi mwaka huo, maana bila hiyo faili halisogei. Kodi ya jengo tunakatwa kwenye umeme wa LUKU siku hizi, hiyo haina shida.

Wenye viwanja visivyopimwa, nawajua mpo wengi. Kwenu mauziano yanafanyika kwa mkataba mbele ya serikali ya mtaa, na majirani wa pande zote wasaini kuonyesha mipaka. Fanyeni hivyo, ni ulinzi mkubwa. Lakini kuna asilimia 10 ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa wanadai kwa kushuhudia. Nimekaa ofisi ya ardhi miaka 29, sijaona kifungu kinachompa mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya jasho lako. Nyumba ya milioni 60, anakula milioni 6 kwa kugonga muhuri! Dalali tunamlaumu kwa asilimia 5 naye ametembea juani miezi miwili. Ombeni risiti ya halmashauri. Asiye na risiti, andikeni barua kwa mkurugenzi.

La mwisho ni hela na hati zinavyobadilishana mikono. Fedha taslimu kwenye mfuko wa salfeti, hapana. Benki kwenda benki. Malipo ya awamu yakiwepo, tarehe na kiasi viandikwe, na hati ikae kwa wakili mliyekubaliana wote mpaka shilingi ya mwisho iingie. Mnunuzi akikopa benki, itakuja barua ya benki kuahidi kukulipa baada ya hati kuhamishwa. Barua hiyo wakili wako aithibitishe kwa kwenda benki mwenyewe, asitumie namba ya simu iliyoandikwa kwenye barua. Wale walimu wawili walikopa sehemu. Nilisubiri wiki 5 baada ya kusaini, usingizi haukuja. Lakini iliingia.

Siku ya kukabidhi nilifika na kopo la rangi nyeupe. Nilitaka kufuta lile neno INAUZWA kwenye geti kwa mkono wangu, niwaachie nyumba safi. Yule mwalimu wa kike akaniomba nisifute lote. Akachukua brashi, akabadilisha herufi nne: INAUZWA ikawa HAIUZWI, kwa kusuasua, imekaa upande. Tukacheka wote, mimi na machozi kidogo, kwa sababu ya ule mwembe.

Mwenyekiti, nimekuja na nakala 40 za ule ukurasa mmoja niliousaini na kijana wa Mbezi, nimefuta majina na namba. Ziko mezani kwa Katibu, ni bure, mkapige nakala nyingine. Mwenye jambo la mirathi asilizungumze hapa mbele ya watu. Anifuate pale chini ya mti, nitakuwepo mpaka saa kumi.